Kaka yangu anataka mume wangu asilimu upya ndipo binti yetu aolewe

Assalaam alaykum wana ukurasa. Admin nifichie jina, maana hapa Makorora hata ukipiga chafya jirani anajua umekula pilipili gani. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mpika vitumbua, mnene wa wastani (wastani nimeupima mwenyewe), na shule niliishia darasa la saba. Nawaambia mapema msije mkadhani haya mambo ya mbingu na nyota nayajua. Miye yamenikuta tu nyumbani kwangu.

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, amestaafu. Kaka yangu mkubwa ni shehe wa mtaa, ndiye anayetufungisha ndoa na kutuzika. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo, kaka akanilea, na ni yeye aliyeniozesha kwa huyu Mwalimu. Kwa hiyo mnielewe, hapo sina wa kumchukia.

Miaka yote hawa wawili wamekuwa wakibishana barazani kwangu baada ya alasiri, ulimwengu ulianzaje. Mwalimu husema vyote hivi, jua na nyota na sisi, vilikuwa vimebanana mahali padogo kuliko tundu la sindano, kisha vikapanuka, na hadi leo vinapanuka. Kaka hucheka: "Weye Mwalimu, kwani ulikuwepo? Mola alisema iwe, ikawa. Basi!"

"Shehe, nani kakataa? Weye wasema nani kapika, miye naeleza kilivyoiva."

"Ya kupika muulize dadangu!"

Nami nikipita na birika nawaambia, cha kupanuka ninachokijua ni kiuno changu tu. Tunacheka, kahawa inakwisha, Magharibi ikiadhiniwa wanaongozana msikitini wakiwa bado wanabishana. Ndivyo tulivyoishi.

Mwezi uliopita wakaja wakwe watarajiwa kutoka Pangani kuleta mahari ya binti yetu. Sebule imejaa kanzu, ubani unafuka, mambo yamekwenda vizuri. Kaka kwa furaha zake akamchokoza mwenzake: "Hebu Mwalimu, wasimulie wakwe zako ile habari yako ya tundu la sindano." Mwalimu naye, mpe chaki hata usingizini atafundisha, akaeleza na mikono juu. Mjomba wa bwana harusi, mzee mmoja mkavu, akamuuliza: "Na kabla ya hilo tundu kulikuwa na nini?"

Mwalimu akajibu: "Sijui."

Ndugu zangu, sijui moja tu. Huyu mtu kafundisha watoto wa watu umri wake wote kwamba kusema sijui si dhambi. Lakini sisi wanawake nyuma ya pazia tukatazamana. Kaka akaona aibu mbele ya wageni. "Sema Mungu, Mwalimu."

"Mungu namjua, Shehe. Nilichoulizwa ni kingine, kulikuwa na nini, na hicho sikijui. Nikijifanya najua nitakuwa namsingizia."

Yule mzee akaweka kikombe chini. "Ndiyo nyumba tunayooa hii?" Kaka akasimama, akavaa makubadhi yake, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hajakanyaga baraza langu.

Kilichofuata ni masharti. Wakwe wamesema ndoa itakuwepo shehe akiridhika. Na shehe, yaani kaka yangu, kasema hafungishi mpaka Mwalimu asimame msikitini mbele ya watu atamke shahada upya. La sivyo, si Mwislamu, na asiye Mwislamu hawezi kuwa walii wa kumwozesha bintiye.

Nikamfuata kaka nyumbani kwake na vitumbua vya moto. "Shikamoo kaka." "Marahaba," akaitika, macho pembeni. Nikamwambia, kaka, huyu mtu anasali nyuma yako kila siku. Akasema, "Yu nyuma yangu, dadangu, nitajuaje aliyonayo moyoni? Na weye ujiulize. Kama katoka katika dini, waishi na nani ndani ya nyumba ile?"

Hayo kayasema mtu aliyenishika mkono siku naolewa. Nilirudi na vitumbua vyangu, nikavila vyote njiani huku nalia. Mkinicheka sawa, ndivyo nilivyo.

Mwanzo Mwalimu alikataa katakata: "Nitarudije mahali ambapo sijatoka?" Lakini alivyoona binti hali wala hazungumzi, akalainika. "Nitatamka Ijumaa. Ni maneno yangu ya kila siku, hayatanichoma." Nikamshukuru Mungu. Binti aliposikia akaja juu: "Mama, baba akitamka mbele za watu kakiri kwamba alikuwa kafiri. Wanangu wataitwa wajukuu wa aliyesilimishwa. Nampenda mchumba wangu, lakini siolewi kwa kumvua babangu nguo." Akajifungia, na simu ya mchumba inaita tu.

Leo mchana nimemkuta Mwalimu chumbani, kasimama mbele ya kabati na kanzu yake ya Ijumaa, anajaribu kuitamka shahada kama atakavyoitamka mbele za watu. Maneno anayoyasema katika kila swala tangu utotoni. Akafika katikati, sauti ikamkatika. Akaanza tena, ikamkatika palepale. Nikarudi jikoni kimya kimya, nikasimama tu mbele ya jiko ambalo sikuwa nimeliwasha.

Jioni kaniambia, "Mama watoto, ukisema nitamke, natamka. Neno ni lako."

Ndugu zangu, mliosoma dini na mliosoma sayansi, nawaomba msinibishanie hapa ulimwengu ulianzaje. Nisaidieni hili langu. Nimwache mume wangu akasilimishwe dini yake mwenyewe nikitumaini binti atalainika, au nimzuie, binti akose mume na mimi nimkose kaka aliyenilea? Ijumaa ni keshokutwa, na kanzu nimeshaambiwa niinyooshe.