Kivuli cha Upande Mmoja

Juzi nilisimama kwa muuza miche kando ya barabara ya Likoni, jua la utosini, nikitafuta mti wa kivuli wa kupanda uani kwangu. Akanionyesha mkwaju. Mti wa hapa hapa kwetu, mama, haukusumbui kwa maji, akaniambia. Wallahi, ndugu yangu, mwili ulinisisimka.

Nyumba yetu ya Mtongwe ilikuwa ya mabati, na ikifika adhuhuri hakukaliki ndani. Bibi, mamake baba, alitaka mwarobaini. Baba akapanda mkwaju, akisema mti wa kwetu ndio unaolijua jua la kwetu. Bibi akashika kichwa. "Kivuli cha mkwaju kikifika mlangoni," alisema, "aliyeupanda hutolewa kwa jeneza."

Mti ukakua. Tulikula ukwaju mbichi kwa chumvi mpaka meno yakafa ganzi, na mama akautumia kupikia rojo la viazi vya karai. Lakini kila kivuli kilipokaribia kizingiti, bibi alimwita mkwezi wa minazi, naye akayafyeka matawi yote yaliyoelekea nyumba. Ya upande wa pili hayakuguswa. Baba hakupenda, ila mzazi habishiwi. "Haya mama, ninyolee mti wangu," alikuwa akisema, huku akicheka. Mimi sikucheka. Kila alasiri nilitoka kuangalia kivuli kimefika wapi, maana baba yangu nilimpenda mno, na nilimwogopea.

Kivuli kizuri kikabaki upande wa pili tu, na huko ndiko baba alikoweka kitanda chake cha kamba. Siku moja ya masika mvua ilipusa ikakatika, ardhi bado tope, akatoka baada ya swala ya adhuhuri kujinyoosha. Upepo haukuwako. Nilisikia mizizi ikikatika chini kwa chini, mmoja baada ya mwingine, kisha mkwaju ukalalia upande wenye uzito.

Tulimzika baba kabla ya magharibi. Wanawake walimshika bibi, naye akirudia, "Kilifika mlangoni, nikakosa kukiona." Mama alikuwa akilitazama lile shina, upande mmoja makovu ya panga matupu, upande mwingine matawi tele. Alijua. Hata mimi, na utoto wangu, nilijua. Lakini nani angemwambia mwanamke aliyetoka kumzika mwanawe?

Leo pale pana vyumba vya kupangisha, ukuta kwa ukuta, hapana hata jani, na joto lake halisemeki. Mama ameshatangulia. Bibi naye alikufa akijuta kwamba hakukata zaidi.