Redio ya Nyuma

Wakati wa jua, kundi letu la baiskeli lilikuwa na watu wa kuziba barabara nzima ya Awendo. Mvua ya Aprili ilipoanza, mmoja akapata kikohozi, mwingine akasema baiskeli yake inaogopa maji, na pacha wawili wakaokoka ghafla, wakawa na maombi kila Jumamosi asubuhi. Tukabaki wanne: kapteni wetu, ambaye ni msichana wa darasa moja mbele yangu; binamu yangu, ambaye huongea mara moja kwa wiki; jirani mrefu ambaye magoti yake hugonga usukani; na mimi.

Kapteni akatoa sheria. "Wanne ni kundi. Watatu ni watu wamepotea. Mmoja akikosa, tunafunga hadi jua lirudi."

Wote wakaniangalia mimi. Mpaka leo sijapenda.

Safari yetu ni kutoka Awendo hadi Rongo, chai na mandazi, halafu kurudi. Mvua ikinyesha, malori ya miwa hutoka shambani na matope na kuyapaka kwenye lami, barabara ikateleza kama sabuni. Ukigeuza shingo kuangalia nyuma, baiskeli nayo inageuka, na mtaro unakupokea. Kwa hivyo kuna kazi inaitwa redio: aliye nyuma kabisa lazima asikike muda wote. Akinyamaza, wote wanasimama.

Redio nilikuwa mimi, kwa sababu wa mwisho nilikuwa mimi. Baiskeli yangu ni ile nzito ya chuma ya babu, na sote tulikuwa tumetoa madigadi ya kukinga matope ili tufanane na watu wa mashindano. Tulirudi nyumbani na mstari wa matope kutoka kwa matako hadi kwa shingo. Sisi tuliona ni alama ya mbio. Mama aliuliza ni ng'ombe gani ametunyea.

Hewani nilisoma matangazo ya vifo. "Tunasikitika kutangaza kifo cha miguu ya kapteni, aliyependa vilima kuliko chakula. Ameacha magoti mawili na soksi moja."

Halafu Ijumaa moja nikanyeshewa nikitoka shule, na Jumamosi nikaamka bila sauti.

"Nyathina, mwanangu, hata kuku wamekataa kutoka," mama alisema. "Wewe unaenda wapi?"

Nikaonyesha baiskeli kwa kidole.

"Kumbe ukinyamaza unakuwa mtoto mzuri." Akachukua gunia la mbolea, akalikata matundu ya kichwa na mikono, akanivisha.

Wenzangu walikuwa wamejikunyata chini ya paa la duka. Kapteni akasema nimechelewa. Nilipofungua mdomo kujitetea, ikatoka sauti ya kifaranga.

Jirani akacheka hadi akashika ukuta. "Redio imeisha betri. Omera, ndugu, turudi tulale. Huyu akiangukia mtaro tutajuaje?"

Nilijua tukirudi siku hiyo, kundi limekwisha. Nikatuhesabu kwa kidole, polepole, nikimaliza na kifua changu. Wanne.

Kapteni akapangusa maji usoni. "Aende mbele, tumwone."

"Huyu? Tutafika Rongo kesho."

"Basi tutafika kesho. Redio ni mimi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona hiyo barabara bila matako ya mtu. Ukungu umelala juu ya miwa, mvua inanipiga kwenye meno, na mbele yangu hakuna mtu wa kunikinga upepo. Nyuma, kapteni alikuwa akiimba majina ya elementi za kemia kwa tuni ya Sunday school. Anaimba vibaya sana. Sijawahi kufurahia sauti mbaya hivyo.

Kisha kikaja kilima. Hapo ndipo kundi hukatika kila wiki: wenye nguvu wanapotea juu, mimi nashuka na kusukuma chuma cha babu nikipiga mdomo. Leo nikishuka, wote wanashuka. Mapaja yakawaka moto. Mguu wa kulia ukaanza kuteremka kutoka kwa pedali.

"Usishuke," binamu akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la wiki.

Sikushuka. Tulifika juu sote wanne, tukipumua kama ng'ombe mmoja mkubwa.

Rongo, mama wa chai huwa ananimiminia yangu wakati wenzangu wanafuta midomo. Siku hiyo alitazama barabarani akingoja wa mwisho, akaniona na gunia langu, akapanga vikombe vinne mara moja.

Tangu hapo, mvua ikinyesha mzito anatangulia na mwepesi anakuwa redio. Tuliimaliza mvua yote hivyo. Jua liliporudi, pacha nao wakarudi, safi, na madigadi yao. Wakauliza waende wapi.

"Nyuma ya gunia," kapteni akasema.