Kadi Aliyopewa Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kadi, na jina likamkaa. Kwenye kompyuta ya duka la uchapaji alikuwa na aina za herufi zisizohesabika, lakini moyo wake uliangukia moja: mwandiko wa kuunganisha, mwembamba kama uzi, herufi kubwa zake zina mikia ya kujiviringa. Wateja aliwafundisha mwenyewe. "Hii ni ya majina ya maharusi basi. Yawe makubwa, karatasi nyeupe, nafasi tele. Ukiijazia maneno umeiharibu." Alijua vizuri sana, ila ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Dada yake mdogo alipoolewa, shangazi yao aliombwa kusoma baraka za familia. Shangazi alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na moja, kwenye darasa la watu wazima, herufi moja moja, na tangu hapo hakuna kibao wala karatasi ya sabuni iliyomponyoka. Fundi Kadi akataka kumpa kitu cha heshima: kadi yenye baraka hizo, mistari kumi na miwili, yote kwa mwandiko ule ule, midogo ili ienee, wino wa dhahabu. Akamkabidhi ukumbini, siku yenyewe, ili amshangaze.

Kweli alimshangaza. Shangazi alisimama, akaitazama kadi, akaisogeza mbali, akaielekeza dirishani. Midomo ilicheza bila sauti. Mjomba wa bwana harusi akasema, wala hakunong'ona, "Si tuliambiwa anasoma?" Watu wakacheka.

"Nimesahau miwani," shangazi akasema. Hajawahi kuvaa miwani maishani mwake.

Fundi Kadi alikuwa kiti cha pili tu. Maneno matatu yangetosha: kosa ni langu. Lakini mama aliyekaa jirani alikuwa ametoka kuisifia kadi na kuagiza za mwanawe, naye Fundi Kadi akabaki kitini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na bado akakaa. Mshereheshaji akaipokea kadi, akaisoma kwa kukwamakwama, na yeye hakuna aliyemcheka.

Jumatatu, Fundi Kadi alichapa maneno yale yale kwa herufi nene, zilizosimama wima, kila moja peke yake, akampelekea. Alimkuta shangazi anafunga madaftari yake ya darasani kwa kamba.

"Nimeacha, baba. Nimewaaibisha."

"Shangazi, ni mimi niliyekuaibisha. Herufi zile hata mshereheshaji zilimshinda. Niliona, nikanyamaza."

Shangazi alichukua karatasi, akaisoma kwa sauti tangu mstari wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, asikosee hata neno moja. Kisha akaiweka mezani, akamtazama.

"Haya," akasema. "Sasa nenda kawaite wote waje wanisikie."