Ngozi Niliyoifua kwa Sabuni

Miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilirudi likizo kwetu upande wa Lafey, kichwa kimenivimba kwa kufaulu mtihani wa ubongo wa wanyama. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu kuhusu namna harufu ya mtoto inavyopita puani mwa mama hadi kwenye ubongo, ikaamsha sehemu zinazomfanya ampende huyo mmoja na kuwafukuza wengine wote.

Wiki hiyo ngamia wa shangazi yangu alifiwa na ndama. Kwetu ndama akifa, ngozi yake huhifadhiwa, na kila wakati wa kukama mama hupewa ainuse, adhani mtoto yupo, maziwa yashuke. Shangazi aliniachia ngozi hiyo akaenda kisimani. Ilinuka vibaya, imejaa nzi. Nikaona nimsaidie: nikaifua kwa sabuni ya unga na nusu mtungi wa maji, nikaianika juani.

Jioni ngamia aliinusa mara moja, akageuza shingo. Shangazi alimwimbia, akamkanda kiwele, lakini halikutoka hata tone moja. Kisha akainusa ngozi yeye mwenyewe, akanitazama.

"Huko chuoni mnafundishwa nini?" aliuliza, bila hasira.

Jibu nilikuwa nalo, kurasa tatu nzima, na sikuthubutu kulitoa.

Tulikunywa chai ya rangi. Kikombe cha kwanza alinipa mimi, kama anavyopewa mgeni.