Mtoto wa Ishirini na Nane

Haya niliyaona mimi, kwa macho haya mawili, tena jua likiwaka. Ukitaka kucheka, cheka tu. Hata mimi napenda kucheka.

Zilikuwa siku za Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa mkoloni. Mwalimu wetu, mtu wa Nyanza, alitutoa Ruiru kwa lori tukaone ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, pale Thika, tujue serikali inavyofanya kazi. Pasi yake ya njia, kibali cha kusafiri, iliandikwa: watoto ishirini na wanane. Tukaonyeshwa bendera, taipureta, na ramani pana kama ukuta. Mimi nilikuwa naota tu, nikijiona karani wa kuvaa viatu vya kisigino.

Wakati wa kurudi, mwenzetu Wambui hakupanda lori. Alikuwa amemwona mamake kwenye foleni ya pasi, akamfuata kimya. Mwalimu hakujua. Mimi nilijua, nikanyamaza nisimchongee. Ujinga gani huo!

Mbele kidogo, kizuizi. Homgadi mmoja, mlinzi wa serikali, akasoma ile karatasi.

"Mwalimu, akikosekana hata mmoja, nitasema umempeleka msituni kwa wapiganaji. Utalala ndani."

"Hesabu, ndugu yangu. Wote wako."

Tulikuwa ishirini na saba! Na kwetu ni mwiko kuhesabu watoto kwa kidole, kwa hiyo tulijikunyata. Nikafumba macho. Hapo ndipo mkono mdogo uliposhika wangu, baridi kama maji ya mtungi.

"Ishirini na saba... na nane. Haya, nendeni. Na huyu wa mwisho mkamwogeshe, amejaa majivu!"

Wenzangu wakacheka. Nikageuka: msichana wa rika langu, majivu kichwani, simjui. Niamini, hakuwa akipumua. Lakini sikuogopa. Nani angemwogopa aliyemwokoa mwalimu?

Karibu na Ruiru, pale nyumba za zamani zilipochomwa na serikali, watu wakahamishiwa kwa nguvu kijiji kipya, akaniuliza polepole kwa Kikuyu, "Nyumba yetu ilienda wapi?"

"Sijui," nikasema.

Akaniachilia mkono. Lori halikusimama, naye hakuwako tena.

Wambui alirudi jioni na mamake, na mwalimu alilala kwake. Lakini mkono wangu wa kushoto haujapata joto mpaka leo, hata nikiuweka karibu na moto. Wala si baridi inayoniuma. Ni lile "sijui".

Basi wewe, mtoto usiyemjua akikuuliza kwao ni wapi, usijibu haraka hivyo. Shuka, mtembee naye kidogo, mpatafute.