Mjomba Alipomjibu Mwandishi wa Kwenye Filamu

Mjomba alishuka Mafiga, mtaani kwangu mjini, na mkungu wa ndizi na hasira zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akazungusha macho chumbani mwangu, kazi isiyochukua muda. Alikuja kunirudisha kijijini kwetu Mkuyuni. Pilipili manga za ukoo zimemezwa na magugu, mama yangu mgongo unamsumbua, na mimi nimekaa mjini nasema nataka kutunga filamu. Kwetu Waluguru mjomba akishasema, baba hukohoa tu.

"Kutunga ni kazi gani?" aliuliza. "Si ni kusema uongo umekaa kitako?"

Badala ya kubishana nikampeleka banda la video. Nilikuwa nimembembeleza mwenye banda mpaka akakubali, Jumapili ile mchana, kuweka filamu niliyoipenda kuliko zote. Ndani yake mwandishi amejifungia chumbani, anatunga habari za mama mmoja mjane, na kila akikwama anatugeukia sisi watazamaji, anatuuliza afanyeje. Filamu inayojua kuwa ni filamu. Ilikuwa ya kutafsiriwa, mwanamume mmoja anasema kwa sauti za wote, ya mama na hata ya mbuzi. Niliamini mjomba akiiona tu, ataniacha nibaki.

Watu walikuwa wamekuja kutafuta filamu za ngumi. Hawakukawia kulalamika.

"Oya, nani kaleta huu msiba?"

Mwenye banda akaninyooshea kidole. Ganda la muwa likanipata shingoni. Nikacheka, lakini moyo uliniuma kama wanamtukana ndugu yangu.

Mjane akafungiwa nje na shemeji zake, mvua inamnyeshea. Mwandishi akatugeukia. "Nimfungulie mlango, au aende zake?"

"Mfungulie," mjomba akasema kwa sauti.

Banda zima likamcheka. "Mzee, hiyo tivii. Haikusikii."

"Najua ni tivii, nina macho. Lakini kaniuliza. Nyie mmefundwa na nani, mtu anasimulia mmekaa kama viazi?"

Kule kwetu milimani hadithi haiendi bila mwitikiaji. Ukinyamaza, msimuliaji anajua umelala, anakatisha. Basi toka hapo mjomba hakufunga mdomo. "Mwongo huyu. Mpe khanga kavu kwanza, ndiyo ukae ufikiri." Vijana wakamzomea, naye akawazomea. Kisha mmoja wa nyuma akadakia, "Ila mzee kasema kweli. Huyu jamaa ana roho mbaya." Matusi yakanihama, yakamwendea mwandishi.

Mwisho mwandishi anainuka, anazima taa, anaondoka. Mvua inaendelea. Hatuonyeshwi kama mlango ulifunguliwa. Hapo ndipo nilipopapenda siku zote. Watu walitoka wakisonya, na mwenye banda akaniambia nisimletee filamu tena maisha yangu yote.

Njiani kwenda kituoni mjomba akauliza, "Yule mama aliingia ndani?"

"Haisemi, mjomba. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri." Alitema mate pembeni. "Umtoe mtu kwake, umwache kwenye mvua, useme uzuri. Wewe ungemfanyaje?"

Nikafungua kinywa. Nikamwona yule mama na khanga imemgandia mabegani. "Sijui bado."

"Hujui. Na ndiyo kazi unayoitaka."

Gari la Mkuyuni likaja, mjomba akalisogelea. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani aliponigeukia.

"Shambani usije."

Nikaushika mlango wa gari.

"Nitatafuta mtu wa kupalilia. Wewe hata kumwingiza mama wa watu ndani umeshindwa, pilipili zangu utaziweza? Malizia habari za yule mama kwanza. Ukishajua alilala wapi, njoo unisimulie. Uje usiku, hadithi haisimuliwi mchana kama wanavyofanya wendawazimu wa banda lile. Nami nitakuitikia." Akavuta mguu wa pili. "Usiponiridhisha, jembe lako lipo nyuma ya mlango."