Midomo ya Kumsemea

Siku mwalimu wa saikolojia alipotufundisha hatua za lugha kwa mtoto, niliandika kila neno kwa mwandiko mzuri. Akifika mwaka, hutamka neno moja moja. Akifika miaka miwili, huunganisha mawili. Akifika mitatu, husimulia. Binti yangu alikuwa na miaka minne na hajasema hata "mama". Kwenye mtihani swali lilikuja lile lile, na nikaongoza darasa. Wenzangu pale chuo cha ualimu wakanipigia makofi, nami nikatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Sikuhisi kitu. Nikarudi nyumbani Gombani, nikabandika wali.

Maneno ya kunipa watu walikuwa nayo tele. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," jirani yangu akinambia. "Akianza huyo, mtatafuta pamba za masikio." Mama mkwe wangu, anayekaa Tumbe, hakutaka methali, alitaka wembe. Kwake yeye mtoto alikuwa na udata, ule utando wa chini ya ulimi, na udata hukatwa. Kila akipiga simu ni hilo. "Ntoto kafungwa ulimi, mwanangu. Wangoja nini?" Namjibu, "Inshaallah, mama," naendelea kuchambua mchele. Hata hasira sikuwa nayo.

Hospitali walimpima masikio: anasikia. Wakamtazama ulimi: hauna udata. Mwisho tukapelekwa kwa mtaalamu wa lugha za watoto, dada mmoja kutoka Unguja, mpole, aliyeketi chini sakafuni na vikombe vya plastiki. Binti yangu akanitazama, akatazama mkoba wangu. Nikatoa maji, nikamnywesha. Yule dada akauliza, "Kaomba saa ngapi?" Nikairudisha chupa mkobani.

Akaniuliza nyumbani tunaishije, nikamweleza. Kwetu mtoto asiyeamkia wakubwa hana adabu, na aibu ni ya mama yake. Basi binti yangu akimpa mkono mkubwa yeyote na kuubusu, mmoja wetu humsemea hapo hapo kwa kisauti chembamba: "Shikamoo, bibi!" Mkubwa huitikia "Marahaba", mambo yakaisha. Kaka zake walikuwa mabingwa, na shangazi yake aliiga sauti ya mtoto mpaka wageni wakacheka. Nyumba nzima tulikuwa na sauti yake isipokuwa mwenyewe.

"Hilo silo lililomletea tatizo, usijilaumu," akasema. "Lakini linamnyima nafasi. Mngojeni. Hata akinyamaza, mngojeni." Nikamuuliza kama atasema. Akajibu kwamba hawezi kuniahidi. Nilimshukuru, nikavaa viatu vyangu mlangoni, tukaondoka.

Idd ikatukuta Tumbe. Ukumbi ulijaa mashemeji na wajomba, pilau imeshapakuliwa kwenye sinia. Nilikuwa nimewaonya wote, mmoja mmoja: leo asisemewe. Mama mkwe alikunja uso, akanuna, akasema madaktari wa siku hizi wana mambo. Binti yangu akamwendea na gauni lake jipya, akauchukua mkono wa bibi yake, akaubusu. Halafu akasubiri.

Hakuna aliyesema. Akamtazama kaka yake mkubwa mdomoni. Akamtazama shangazi yake mdomoni. Akazunguka ukumbi mzima hivyo, mdomo kwa mdomo, mpaka akanifikia mimi. Hapo nikaelewa. Alijua neno lake lipo. Alikuwa akitafuta limo kinywani mwa nani.

Nilitaka kumsemea. Kwa miezi mingi sikuwa nimetaka kitu chochote, na sasa nilikitaka hicho kwa mwili mzima, mpaka nikajifunika mdomo kwa ukaya, shela yangu ya kichwani. Niliogopa, na machozi yakanitoka mbele ya wakwe bila hata kuona haya.

Binti yangu akamgeukia tena bibi yake. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akakifunga, akakifungua tena.

Shemeji mmoja akakohoa, akanyoosha mkono kwenye sinia. "We, toa mkono," mama mkwe akamwambia bila kumtazama. Ule mkono mdogo alikuwa bado ameushika, na macho yake yako kwenye midomo ya mjukuu wake. "Ntoto anasema."

Pilau ikapoa, na hakuna aliyekula.